Yuniti Mbili za Butoyi

Majibu ya damu yalifika Jumanne saa nne asubuhi, kwenye jedwali lenye mistari mia moja na minne. Scola, mtaalamu wa maabara, aliyasoma kwenye kompyuta akiwa amesimama, kwa sababu kiti pekee kilikuwa kimeegemezwa kwenye friza ili mlango wake usifunguke. Mistari arobaini na mmoja ilikuwa ya watoto wenye kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki ya hospitali yao, pale Biharamulo, wengine wakitoka hadi Ngara. Sitini na mitatu ilikuwa ya ndugu zao, watoto wazima wa afya, waliotolewa damu kwa ajili ya utafiti tu.

Utafiti wenyewe ulielezeka kwa maneno machache. Katika kisukari kinachowapata watoto wengi, mwili hulishambulia kongosho lake wenyewe, na mashambulizi hayo huacha alama kwenye damu zinazoitwa kingamwili. Aina nne za alama hizo zilipimwa. Moja kati yake ni kingamwili dhidi ya insulini yenyewe. Ikikutwa kwa wingi kwa mtoto mzima, huenda ni taarifa ya mapema, miaka kadhaa kabla ya kiu na kukojoa kusikokwisha.

Mstari mmoja ulikuwa umepakwa rangi ya njano: 17-B. Scola hakuhitaji daftari kujua ni nani. Kumi na saba ni Bukuru, msichana wa miaka tisa, mgonjwa kwa miezi kumi na minne sasa. B ni pacha wake, Butoyi, ambaye hajawahi kuugua kitu zaidi ya malaria. Aina tatu za kingamwili hakuwa nazo kabisa. Ya nne, ile dhidi ya insulini, ilikuwa mara ishirini na moja ya kikomo cha kawaida.

Simu iliita akiwa bado amesimama. Alikuwa Daktari Ndassa, kiongozi wa utafiti, akipiga kutoka Mwanza.

"Umeiona 17-B?"

"Nimeiona, daktari."

"Tumempata mmoja kabla hajaugua. Najua utakachosema, kingamwili ya aina moja peke yake si ushahidi kamili. Lakini kwa kiwango hicho, na pacha wake mgonjwa? Ijumaa nakuja mwenyewe. Mama yake aelezwe na mtu anayejua kueleza."

"Utamweleza nini?"

"Kilichopo. Kwamba huyu naye yuko njiani, tutampima kila miezi mitatu. Fomu yake iko safi?"

"Nitaiangalia."

"Iangalie. Watakaotusoma wataanzia swali la tisa."

Swali la tisa lilikuwa na mstari mmoja: *Je, mtoto huyu amewahi kuchomwa insulini?* Lilikuwepo kwa sababu moja. Mtu yeyote akichomwa insulini, mwili wake unaweza kuitengenezea kingamwili, na hakuna mashine inayotofautisha kingamwili za ugonjwa na kingamwili za sindano.

Scola alilitoa faili. Kwenye fomu ya Butoyi, swali la tisa lilikuwa na alama ya vema kwenye kisanduku cha *Hapana*. Kalamu ya bluu, mkia wa alama umevutwa kulia. Akatoa fomu ya 18-B, kisha ya 18-C, kisha akazitandaza zote mezani. Mikia yote sitini na mitatu ilivutwa kulia kwa urefu uleule. Alizijaza mwenyewe, mchana mmoja, siku moja kabla ya watoto kuja, ili kupunguza foleni. Hakumuuliza mzazi hata mmoja. Alipokuwa akizijaza, swali lile lilionekana kwake lina jibu moja tu. Nani atamchoma insulini mtoto asiye mgonjwa?

Alizipanga fomu upya kwa namba na kuzirudisha kabatini. Halafu akaenda stoo ya nyuma.

Kliniki ilikuwa na utaratibu wake. Chupa ya insulini ikishafunguliwa haitumiki zaidi ya siku ishirini na nane, kwa hiyo kila mwezi mzazi hurudisha ya zamani, hata ikiwa na dawa nyingi ndani, ndipo apewe mpya. Za zamani huandikwa namba ya mtoto na kutupwa kwenye boksi zikisubiri tanuri la kuchomea taka. Tanuri lilikuwa bovu tangu Pasaka. Scola alipata chupa mbili zenye namba 17.

Philbert, msaidizi wa maabara, alimkuta akivuta dawa ya zamani kwa bomba la sindano na kuimwaga kwenye kopo, bomba baada ya bomba.

"Sasa dada Scola, tumefikia kupima takataka?"

"Shika hii. Andika ninachosoma."

"Nikikuuliza unatafuta nini, utanijibu?"

"Hapana."

"Basi sijauliza. Nakuta mtu anakamua taka, nashika kalamu, naandika. Ndiyo kazi niliyosomea."

Chupa nzima ina yuniti elfu moja. Bukuru alichomwa nane asubuhi na sita jioni, jumla kumi na nne. Kwa siku ishirini na nane ni mia tatu tisini na mbili, kwa hiyo zilipaswa kubaki mia sita na nane, ukitoa kidogo inayopotea na mapovu. Ili kujua hicho kidogo ni kiasi gani, Scola alipima kwanza chupa ya mtoto mwingine mwenye dozi ileile. Zilibaki mia tano na tisini. Chupa ya kwanza ya Bukuru ilibakiza mia tano thelathini na sita. Ya pili, mia tano ishirini na tisa.

Alipiga hesabu pembeni mwa karatasi. Tofauti na chupa ya yule mwingine ilikuwa hamsini na nne kwa ya kwanza, sitini na moja kwa ya pili. Akagawa kwa ishirini na nane.

"Mbili kwa siku," alisema.

"Anauza?"

"Yuniti mbili kwa siku anauziwa nani?"

"Labda anamwaga."

"Anayemwaga hamwagi sawasawa mwezi mzima."

"Basi kuna mtu mle ndani anaidokoa," Philbert alisema, akicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka kalamu chini.

*

Alhamisi, kabla ya saa moja asubuhi, Scola alishuka Lusahunga akiwa na mkoba wa vifaa vya kutolea damu, pamoja na boksi la maji tasa ya kuyeyushia dawa aliloombwa na mtunza stoo alipitishe kwenye zahanati ya jirani. Adelfina, mama wa mapacha, alipanga vyumba viwili nyuma ya gesti moja ya barabarani na kuwauzia chai na ndizi za kuchoma madereva wa malori. Wazazi wake wote walikuwa Wahangaza wa Ngara. Mumewe alibaki huko na mashamba, naye akafuata barabara kwa sababu barabara ina biashara.

Lori lenye tela lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba, karibu kiasi kwamba njia ya kuelekea nyuma ilimpitisha mtu akienda kiubavu. Chumba cha ndani kilikuwa na kitanda, meza na dirisha moja. Dirisha lilijaa tairi.

"Hodi."

"Karibu," Adelfina aliitika, kisha akamwona ni nani. "Karibu, daktari." Kwake kila mwenye koti jeupe alikuwa daktari. "Mbona leo? Kliniki si Jumanne ijayo?"

"Nimekuja kukuona tu, Mama Bukuru. Shikamoo bibi."

"Marahaba," alijibu Theodosia, mama mkwe, kutoka kwenye kigoda kando ya mlango. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho na la pili lilikuwa likianza. Alipisha miguu ili Scola apite, halafu akairudisha palepale.

Mapacha walikuwa wamevaa sare za shule. Walifanana sana, ila Butoyi alikuwa amenenepa mashavu. Mezani kulikuwa na mabakuli mawili ya uji wa ulezi yakitoa moshi, na chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, ambamo Adelfina alitunza dawa.

"Tulikuwa tunataka kuwahi shule," Adelfina alisema. "Labda ungesubiri kidogo hapo nje."

"Nje kuna lori. Endelea tu, mimi sina haraka."

Adelfina alitoa chupa, akaifikicha viganjani kama alivyofundishwa, akavuta yuniti nane. Bukuru akapandisha blauzi. Wakati sindano ikiingia hakuitazama, alimtazama mwenzake. Ikatoka. Hapo Butoyi, bila kuambiwa na mtu, akasogea mbele na kupandisha ya kwake.

Adelfina alikuwa bado ameshika bomba.

"Shusha nguo, Butoyi."

"Bado yangu."

"Nimesema shusha."

"Na yeye," Bukuru alisema.

Kutoka mlangoni Theodosia alisema, bila kuinua sauti, "Mmalizie mtoto, wachelewa."

"Usimchome," Scola alisema.

Bibi kizee aligeuza uso upande sauti ilikotoka. "Wewe nani wa kuwatenga? Mapacha wamekuja pamoja. Mmoja akipewa gauni, na mwingine gauni. Mmoja akipewa dawa, na mwingine dawa. Ukimpa mmoja ukamnyima mmoja, aliyenyimwa hurudi alikotoka. Hospitali yenu imezaa mapacha wangapi?"

"Butoyi si mgonjwa, bibi."

"Kwa sababu anachomwa."

Scola alimgeukia Bukuru. "Kunywa uji wako, mama."

Bukuru aliweka mikono nyuma. "Sinywi."

"Umeshachomwa. Lazima ule."

"Achomwe kwanza."

Adelfina alikaa kitandani. "Ndivyo alivyo," alisema, akitazama sakafu. "Sasa umeona. Mwezi wa kwanza alikuwa anakimbia, tunamkamata huko kwenye malori, watu wanadhani tunamuua. Anauliza, kwa nini mimi tu? Nikaanza kumchoma huyu sindano tupu, nikamgusisha tu. Akatulia. Halafu mama akagundua ni tupu."

"Kumdanganya pacha," Theodosia alisema. "Mtoto anakuja kwenu na mwenzake, unamfanyia mchezo."

"Nikaweka mbili. Kidogo kabisa kinachoonekana kwenye bomba. Asubuhi tu; jioni Bukuru ana njaa, hagomi, na mama yuko kwenye chai. Nampa uji wenye sukari kabla hajatoka. Siku zote nampa."

"Na siku uji usipokuwepo?"

"Alianguka shuleni mara moja. Mwalimu alidhani ni njaa."

Ilikuwa saa moja na dakika nane. Yuniti nane zilikuwa tayari zimo mwilini mwa Bukuru, zikifanya kazi yake, na uji ulikuwa mezani. Scola alijua muda alio nao: nusu saa, labda pungufu, kabla mikono ya mtoto haijaanza kutetemeka kwa kushuka kwa sukari. Alimbembeleza. Butoyi naye akambembeleza, "Kunywa bwana, mimi sitaki leo." Bukuru alibana midomo. Adelfina alimwekea kijiko kinywani, uji ukamwagika kwenye sare. Saa moja na robo. Saa moja na dakika ishirini. Nyuma ya dirisha, dereva alijaribu kuwasha lori, likakohoa, likazimika, na tairi likabaki palepale.

Scola alielewa kwamba kwa neno lake moja ameingia mahali alipokuwa Adelfina kwa mwaka mzima. Akimruhusu amchome, anamdhuru mmoja. Akimzuia, anamdhuru mwingine. Mlango ulikuwa na miguu ya bibi.

Alifungua boksi la zahanati. Lilikuwa na vichupa vya plastiki, kila kimoja kina maji tasa, hayana dawa yoyote. Aliwapa mgongo watoto, akavunja shingo ya kimoja, akavuta kwa bomba jipya kiasi cha yuniti mbili, akageuka. Adelfina aliona. Theodosia aliona mtu ameshika sindano.

"Njoo, Butoyi."

Maji tasa huuma yakiingia chini ya ngozi kuliko insulini inavyouma. Scola alilijua hilo. Maji ya chumvi yangekuwa nafuu, lakini stoo ilikuwa nayo kwenye mifuko ya nusu lita, na mfuko ukishafunguliwa hautunziki. Alisukuma.

"Ya leo inauma," Butoyi alisema.

"Pole."

Bukuru aliinama, akasogeza uso karibu na tumbo la mwenzake kama mkaguzi, akakaa hivyo kwa pumzi moja. Kisha akavuta bakuli na kunywa uji wote bila kupumzika.

*

Watoto walipoondoka, wakijipenyeza kando ya lori na mabegi yao kifuani, Theodosia alitoka kwenda kusimamia birika la chai. Scola na Adelfina walibaki chumbani.

"Kesho anakuja daktari wa utafiti," Scola alisema. "Atakuambia damu ya Butoyi ina alama, kwamba yuko njiani kuugua kama mwenzake. Usimkubalie haraka. Alama hiyo inaweza kuwa ni hizo yuniti mbili."

Adelfina alilifikiria. "Kwa hiyo ni mimi nimempa."

"Umempa alama. Ugonjwa hautokani na sindano."

"Na kama yuko njiani kweli?"

"Kwa kipimo hiki hatuwezi kujua tena. Labda kwa vingine."

"Daktari akisema hivyo mbele ya mama, nimekwisha," Adelfina alisema. "Atasema, si niliwaambia? Dawa ilimwona mgonjwa kabla yenu. Hatakubali nipunguze, atataka niongeze." Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Na ukimwambia daktari kwamba nilimchoma?"

"Ndilo nitakalomwambia."

"Watamnyang'anya Bukuru dawa. Watasema ninaichezea."

"Sijui."

"Hujui? Ndilo unalokuja kuniambia, hujui?"

"Sipendi kukuambia nisilolijua."

Adelfina alicheka kidogo, bila furaha. "Ile siku ya kutoa damu mliuliza maswali mengi. Choo cha aina gani, tunakula mara ngapi. Hili hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Nililijaza mwenyewe. Kosa hilo ni langu, na litaandikwa kuwa langu."

"Ungeniuliza ningekuambia?"

"Hilo nalo silijui."

"Ningekudanganya," Adelfina alisema. "Lakini ungeniuliza."

Wakakubaliana jambo moja kabla Scola hajaondoka. Vichupa ishirini na saba vya maji tasa vilibaki chini ya godoro. Kila asubuhi Adelfina angegeuka, angevunja kimoja, angevuta kiasi kilekile. Scola hakuwa na mwongozo wowote wa tiba unaoruhusu jambo hilo, na hakutafuta. Zahanati alipeleka boksi lililopungua, akasaini pungufu lake.

*

Mchana uleule alitoa fomu ya Butoyi. Kanuni ya kusahihisha ni kwamba jibu la kwanza halifutwi: linakatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, jibu sahihi linaandikwa pembeni, kisha saini na tarehe. Akakata *Hapana*. Akaandika *Ndiyo, yuniti mbili kila siku, takriban miezi kumi na miwili*. Akasaini. Halafu akamwandikia Daktari Ndassa barua pepe ya sentensi nne. Ya mwisho ilisema kwamba fomu zote sitini na tatu zilijazwa swali hilo bila wazazi kuulizwa.

Simu ilikuja baada ya dakika kumi na moja.

"Sitini na tatu?"

"Ndiyo."

"Hata mmoja hukumuuliza?"

"Hata mmoja."

"Unajua nilichokuwa nimeanza kuandika?"

"Nakisia."

"Ningekuja kesho nikamwambia yule mama mtoto wako anaugua, kumbe namsomea sindano zake mwenyewe. Dawa ya yule mgonjwa haiguswi. Kliniki ni kliniki, utafiti ni utafiti. Hilo kamwambie leo, asilale na hofu. Na huyo mwingine, umemwachisha?"

"Hachomwi insulini tena."

"Vizuri," alisema, na Scola hakuongeza neno.

Ijumaa daktari hakuja. Wiki iliyofuata ilifika barua: Scola anaondolewa kwenye utafiti, ila kwanza atarudi kwa familia zote akiwa na msimamizi na kuuliza swali la tisa ana kwa ana. Hospitali nayo ikampa onyo la maandishi. Mizunguko hiyo ilimchukua wiki saba, Bisibo, Nyakanazi, vilima vya Ngara hadi karibu na mpaka. Wazazi walimshangaa. Baba mmoja alimuuliza kama hospitali siku hizi inawachoma dawa wazima, ili alete na mbuzi. Kwa watoto sitini na wawili jibu lilikuwa hapana. Angeweza kusema kwamba alikisia sawa kwa sitini na wawili. Hakulisema kwa mtu.

*

Miezi mitatu ilipopita, Butoyi alipimwa tena kwa maelekezo ya Mwanza. Vipimo vya sukari vilikuwa vya kawaida kabisa. Kingamwili dhidi ya insulini ilikuwa imeshuka kutoka mara ishirini na moja hadi mara kumi na tisa.

"Bado anachomwa?" Daktari Ndassa aliuliza kwenye simu.

"Namba haiwezi kutuambia. Unajua kingamwili zinavyochelewa kushuka. Zinaweza kukaa mwaka, hata zaidi."

"Najua. Nakuuliza wewe."

"Chupa zilizorudi zina mia tano themanini na nane, mia tano tisini na mbili, mia tano na tisini."

"Chupa zinasema hapana."

"Chupa zinasema hapana."

"Muulize na mtu," alisema. "Safari hii."

Siku ya kliniki Adelfina alikuja na mapacha wote wawili. Akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa, watoto wakabaki na Scola maabara. Scola hakuwa tena kwenye utafiti, ila msimamizi alikuwa amemtumia fomu mpya ya Butoyi, ya mwisho kwake. Swali la tisa sasa lilikuwa na vipengele vitatu: amewahi kuchomwa, mara ya mwisho lini, na *maelezo mengine*, kisanduku cha upana wa vidole viwili. Scola alikaa kwenye kiti. Friza siku hizo lilifungwa kwa kamba.

"Asubuhi mnachomwa wote?" aliuliza.

"Wote," Bukuru alisema.

"Yangu ni maji," Butoyi alisema.

Scola aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Nani amekuambia?"

"Hayanuki," Bukuru alijibu kwa niaba ya mwenzake. "Yangu inanuka kama plasta. Yake hainuki kitu. Nilijua siku ileile uliyokuja."

"Na yanauma kuliko yake," Butoyi alisema.

"Mbona uliunywa uji, basi?"

Bukuru alitazama juu. "Nilipoona umemchoma maji nikajua ile nyingine mbaya kwake. Zamani alikuwa analala darasani. Mimi nilikuwa sijui kama ndiyo inamlaza."

"Sasa halali," Scola alisema.

"Sasa anapiga kelele hadi anaandikwa jina."

Butoyi alimsukuma kwa kiwiko.

"Kwa nini hamjamwambia mama? Angeacha."

Walitazamana. "Akiacha, bibi atajua," Bukuru alisema. "Bibi anahesabu kwa sauti, moja, mbili. Asiposikia mbili, hali chakula, anakaa mlangoni tu. Mama anageuka hivi, anavunja kile kichupa anakohoa ili kisisikike. Sisi tunajifanya hatuoni."

"Usimwambie mama kwamba tunajua," Butoyi alisema. "Ataogopa tutasema."

"Na mtasema?"

"Tumwambie nani?"

Scola aliinama kwenye fomu. *Amewahi kuchomwa insulini?* Ndiyo. *Mara ya mwisho lini?* Akaandika tarehe ya Jumatano, siku moja kabla ya ile Alhamisi ya Lusahunga. Yote mawili alikuwa ameyauliza na yote mawili yalikuwa kweli. Kalamu ikafika kwenye kisanduku cha tatu. Aliyajua maelezo hayo kuliko maelezo yoyote aliyowahi kuyaandika: sindano ishirini na nane kwa mwezi, maji tasa, mtoto mzima wa afya, kwa mkono wa mama, kwa vichupa vya Scola. Kisanduku kingetosha. Aliwaza ni nani angekisoma, na baada ya kukisoma angelazimika kufanya nini, na siku hiyo Theodosia angesikia moja tu.

Akakiacha wazi, akasaini chini.

Adelfina alirudi na chupa mpya kwenye kopo lenye barafu. "Tayari?"

"Tayari."

Scola alivuta droo ya chini na kumpa mfuko wa pamba, kama alivyompa mwezi uliopita na mwezi wa kabla ya hapo. Chini ya pamba mlikuwa na vichupa ishirini na nane. Adelfina aliupokea bila kuufungua, akashukuru, akaanza kutafuta mahali pa kuutia kwenye kapu lililojaa.

"Lete," Butoyi alisema, na akaubeba mwenyewe.